Gari Kuukuu la Mbio Halinunuliwi kwa Rangi

Kwa wengi wetu gari ni chombo cha kazi. Hubeba mkonge, saruji, abiria na wagonjwa, na thamani yake hupimwa kwa tani na kwa kilomita. Kwa sababu hiyo, mtu akitamka hadharani kwamba anataka kutoa akiba yake ya miaka mingi ili anunue gari la mbio lenye viti viwili, tena lililoundwa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, watu humtazama kama aliyepungukiwa na akili. Sisi nasi tulimtazama hivyo karani mmoja wa bandari ya Tanga alipofika ofisini kwetu mwanzoni mwa mwaka jana, mkononi ana picha ya Datsun 240Z nyekundu, akaomba ushauri. Leo tunaandika kueleza kwa nini tumebadili maoni yetu, na kwa nini jambo hili linaloonekana kuwa anasa ya mtu mmoja lina funzo kwa kila anayenunua gari kuukuu na kwa kila anayeliuza.

Tuanze na gari lenyewe. Kampuni ya Nissan ya Japani ilianza kuliuza mwaka 1969. Huko kwao liliitwa Fairlady Z. Katika nchi za nje likapewa jina la Datsun 240Z. Lina boneti ndefu, viti viwili, na mgongo unaoteremka hadi kwenye mlango wa nyuma. Injini yake ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393, na kabureta mbili. Kwa hesabu ya wakati ule ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 151, ilhali uzito wa gari zima ni tani moja na kidogo tu. Nchini Marekani lilianza kuuzwa kwa dola 3,526, bei iliyomwezesha mtu wa kipato cha kati kupata kitu ambacho awali kilikuwa cha matajiri. Utengenezaji wake uliendelea hadi mwaka 1973, kisha likaja 260Z kushika nafasi yake.

Watu wa Afrika Mashariki walilifahamu gari hilo kwa vumbi na tope. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yalikuwa katika miaka hiyo yakipita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiendesha 240Z, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akawa wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews wakashinda wenyewe. Ushindi huo ulikuwa mwembamba kuliko yote, maana Mehta alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine, na waamuzi wakampa Mehta ushindi kwa kuwa alikwenda mwendo mrefu zaidi bila kupata adhabu. Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo walilitengeneza likatembea tena.

Karani wetu alirithi habari hizi kutoka kwa marehemu baba yake, fundi wa reli, ambaye utotoni aliwahi kusimama kando ya barabara kuyaona magari hayo yakipita. Kwa hiyo mapenzi yake hayakuazimwa kwenye filamu za kigeni. Ni sehemu ya kumbukumbu ya barabara zetu wenyewe, na mtu hastahili kuchekwa kwa kuitunza kumbukumbu ya baba yake.

Lakini mapenzi ni jambo moja, na fedha ni jambo jingine. Akiba yake ilikuwa ya miaka 7. Nusu ya fedha hizo alikuwa amezitenga kwa ajili ya kuezeka nyumba ya mama yake huko Muheza, na muuzaji wa gari lile jekundu, mkazi wa Dar es Salaam, alizitaka zote. Tena alimpa siku 3 tu za kuamua. Sababu aliyoitoa ni kwamba magari hayo yamekuwa lulu duniani, na ushahidi alikuwa nao: mwezi Januari mwaka 2020 gari moja la aina hiyo liliuzwa kwa mnada nchini Marekani kwa dola 310,000.

Habari hiyo ya mnada ni ya kweli. Jambo ambalo muuzaji hakulisema ni kwamba gari lile lilikuwa limetembea kidogo mno na lilibaki karibu sana na hali lililotokanayo kiwandani. Kupima bei ya gari la mtaani kwa bei ya gari lile ni sawa na mtu kukuuzia mnazi wake mkavu kwa bei ya shamba la jirani. Hii ndiyo hila ya kwanza inayompata mnunuzi wa gari la kale: huonyeshwa thamani ya gari la mwingine, akatakiwa kulipia hili.

Tulimshauri asitoe hata shilingi kabla hajaenda kuliona, na asiende peke yake. Akamchukua fundi wa bodi kutoka Ngamiani, mtu mzima aliyeanza kunyoosha mabati tangu ujana wake, nasi tukafuatana nao. Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini, limeng'arishwa kama sinia la harusi. Muuzaji aliwasha injini, akakanyaga mafuta, na mngurumo wake ukamfanya kijana wetu afumbe macho kwa raha. Wakati huo huo fundi alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, mkononi ana sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Akaipitisha chini ya mlango, ikaanguka. Akaipitisha nyuma ya mlango, juu kidogo ya tairi, ikaanguka. Akafunua zulia la sakafuni upande wa abiria, akabonyeza kwa kidole gumba.

"Bwana mdogo," alimwambia karani kwa sauti ya chini, "hapa hakuna bati. Hapa pana puti."

Muuzaji hakukasirika. Alicheka, akasema, "Kaka, ukichelewa kesho hulikuti." Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari lile lilikuwa limetembezwa hadi kwenye simu za watu wa mikoa mitatu.

Msomaji anaweza kuuliza: kutu kidogo chini ya mlango ina uzito gani, ikiwa injini inanguruma vizuri? Swali hili ndilo kiini cha maneno yetu ya leo, maana wengi huliwa fedha zao kwa kutojua jibu lake. Lori lina chesisi, yaani mihimili miwili ya chuma kinene, na kichwa na bodi hukalia juu yake. Bodi ya lori ikioza, hubadilishwa. Gari la aina ya 240Z halina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mhimili. Sakafu, kingo za chini ya milango na mabati yaliyokunjwa chini ya sakafu ndiyo yanayoshikilia magurudumu, injini na uhai wa abiria. Mahali hapo pakila kutu na kuzibwa kwa puti, mtu ameketi juu ya unga ulioganda.

Na gari hili lina sifa ya kuoza. Mabati yake ni membamba. Maji ya mvua hujikusanya chini ya kioo cha mbele, katika shimo la tairi la akiba, na katika kingo za milango pale vitundu vya kutolea maji vinapoziba. Tindikali ya betri hudondoka na kula kitako chake, kisha huteremka hadi kwenye mhimili ulio chini. Ukiongeza upepo wa chumvi wa pwani yetu, kazi ya miaka 20 hufanyika kwa miaka 5.

Injini, kinyume chake, ni imara mno. Kitalu chake ni cha chuma, kichwa chake ni cha aluminiamu, na fundi yeyote mwenye subira anaweza kuifungua, kubadili ringi na beringi, kusawazisha kabureta zake mbili, na kuirudisha katika hali njema. Kwa hiyo mnunuzi anayevutwa na mngurumo anaangalia kile kinachotengenezeka kwa urahisi, na anakiacha kile kinachofilisi.

Asiyeamini na azingatie mfano huu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Nissan yenyewe, katika tawi lake la Marekani, ilikusanya magari ya 240Z yaliyochakaa, ikayafanya upya kabisa, na kuyauza kwa bei iliyokaribia dola 25,000. Mpango huo haukudumu. Magari machache tu ndiyo yaliyotoka, kwa kuwa gharama ya kuyafufua ilikuwa kubwa mno. Ikiwa aliyeliunda gari, mwenye michoro na vipuri vyote, alishindwa kulifufua kwa faida, karani mwenye mshahara wa mwezi atafanya miujiza gani?

Kutokana na hayo, tunaona inafaa kutoa mwongozo mfupi kwa anayekusudia kununua gari la namna hii, au gari lolote kuukuu.

Kwanza, atazame karatasi kabla ya chuma. Namba iliyogongwa kwenye bodi ilingane na namba iliyo kwenye kadi ya gari. Kwa 240Z zenye usukani wa kulia, namba hiyo huanza kwa herufi HS na tarakimu 30. Namba iliyokwaruzwa, au kibati kilichofungwa kwa skrubu mpya, ni sababu ya kutosha ya kurudi nyumbani.

Pili, alitazame gari likiwa kavu na mchana. Maji na giza huficha mawimbi ya rangi na mishono ya puti. Aende na sumaku, tochi, na fundi ambaye hana ubia na muuzaji. Ainue mazulia. Alitie gari jeki na kutazama uvunguni. Muuzaji akikataa gari lisiinuliwe, amekwisha kujibu maswali yote.

Tatu, aikute injini ikiwa baridi. Injini iliyopashwa moto kabla mgeni hajafika huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa buluu wa asubuhi, ambao ni dalili ya oili kuungua. Apime msukumo wa kila silinda, na asikubali kuambiwa tu kwamba moja imechoka kidogo.

Nne, aliendeshe. Asikilize gea zikiingia. Zikisaga, meno yamelika. Aachie usukani kidogo mahali penye usalama aone kama gari linavuta upande. Akanyage breki kwa nguvu mahali pasipo na watu.

Tano, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, asitoe fedha zake zote siku ya kununua. Gari kuukuu hudai mahari mara ya pili ndani ya miezi sita: tairi, mipira, pampu, nyaya. Asiyebakisha kitu ataliona gari lake likikaa juu ya matofali.

Karani wetu alirudi Tanga kwa basi, kimya, kichwa kimeegemea dirisha. Baadhi yetu tulidhani hamu imemtoka. Miezi minne baadaye akapata habari za gari jingine, safari hii Arusha, kwa mzee mmoja mstaafu. Rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyopauka, kiti cha dereva kimechanika, na saa ya dashibodi imekufa. Tulimkuta mzee huyo uani, na baada ya shikamoo na marahaba, kabla hajaulizwa lolote, alilala chali kando ya gari, akanyoosha mkono uvunguni na kusema: "Mwanangu, njoo uone. Hapa palioza. Nilikata nikaunga bati jipya mwaka juzi, na fundi hakutia puti. Na hapa kwenye betri panaanza. Usipopashughulikia mapema, patakusumbua." Kisha akaleta bahasha yenye risiti za miaka mingi, zilizopangwa kwa tarehe.

Fundi wa Ngamiani alipitisha sumaku yake. Ikashika kila mahali.

Bei ya mzee ilikuwa nusu ya ile ya Dar es Salaam. Alipoulizwa kwa nini haombi zaidi, alijibu kwamba anayajua magonjwa ya gari lake na hawezi kumtoza mtu fedha za uzima. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa mapema kwamba mwenye kuuza hana ruhusa ya kuficha ila ya bidhaa yake. Tulilikariri somo hilo tukiwa watoto, na wengi tumelisahau tulipoanza kuuza vitu. Mzee yule alikuwa hajalisahau.

Sasa tuseme habari ya kuliendesha, kwa kuwa mwandishi wa safu hii alirudi nalo, akipokezana usukani na mwenyewe kuanzia Same.

Mtu huketi chini sana, karibu na ekseli ya nyuma, miguu imenyooka, na mbele yake boneti imetanda kama omo ya jahazi. Akiwa amesimama, usukani ni mzito, kwa maana hauna msaada wa pampu. Kugeuza gari mahali finyu ni kazi ya mabega. Gari likishaanza kwenda, uzito huo hutoweka. Kila kijiwe, kila kiraka cha lami, kila mfereji mdogo wa maji hupanda kwenye usukani hadi viganjani. Katika gari la kisasa mtu huitazama barabara; katika hili anaigusa. Ukikanyaga mafuta, injini haikurupuki. Huvuta kwa sauti nzito inayopanda polepole na kuwa kali, na mgongo husukumwa kwenye kiti kwa upole, kama mtu anavyosukumwa na rafiki mbele ya umati.

Kuna na karaha zake, nasi hatutazificha. Joto la injini hupenya kwenye miguu. Harufu ya moshi huingia kutoka nyuma pale mipira ya mlango ilipochakaa, na tulilazimika kufungua vioo vyote kutoka Hedaru hadi Mkomazi. Mvuke wa petroli hubaki kwenye shati hadi jioni. Mtu anayetaka usingizi safarini apande basi.

Jambo lililotushangaza ni mwendo. Tulikuwa tukienda kilomita 80 kwa saa, milima ya Upare kushotoni kwetu, na magari madogo ya kisasa yakitupita bila taabu. Hata hivyo furaha tuliyoipata katika mwendo huo hatujaipata katika gari jipya likienda kilomita 120. Sababu ni kwamba kazi yote inafanywa na dereva. Yeye ndiye anayechagua gea, anayesikiliza injini, anayepima kona. Kwa hiyo mwenye gari la mbio la kale hana haja ya kuvunja sheria ili afurahi. Vibao vya kilomita 50 vilivyopandwa katika kila kijiji cha njia ile havikutupunguzia kitu. Kupunguza gea kwa usahihi ukiingia Mombo ni raha sawa na kuzipandisha ukitoka.

Lakini gari hili halina huruma kwa mjinga. Halina mifuko ya hewa, wala breki zake hazina mitambo ya kuzuia magurudumu yasigande. Mbele kuna diski, nyuma kuna madebe, na katikati kuna mguu wa binadamu. Likienda mwendo mkubwa, upepo huingia chini ya pua yake na usukani huwa mwepesi kuliko inavyofaa. Kupita Mombo, mwandishi aliingia kwenye kona kwa mwendo uliozidi kidogo, akashtuka, akaachia mafuta ghafla. Upande wa nyuma ukajivuta nje, kisha ukarudi. Lilikuwa jambo la nukta moja tu, lakini jasho lilitutoka.

"Ndugu mhariri," kijana alisema kwa adabu, "punguza mwendo kabla ya kona. Ukishaingia, usimshtue."

Alisema "usimshtue", kana kwamba anazungumzia punda au mtoto. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini watu huyapenda magari haya. Gari hili halimfichi dereva kitu chochote. Ukikosea, linakuambia papo hapo. Ukipatia, linakuambia pia. Tairi likianza kuteleza unalihisi kiunoni kabla macho hayajaona. Ni chombo kisemacho kweli, na mtu aliyezoea kuambiwa kweli na gari lake huwa dereva mwenye hadhari zaidi hata akirudi kwenye pikipiki au kwenye lori.

Hivyo basi ni kinyume kikubwa kwamba chombo kisemacho kweli barabarani ndicho kinachouzwa kwa uongo mkubwa sokoni. Gari lile la Dar es Salaam lingeweza kupata mnunuzi mwingine. Yawezekana limekwisha kumpata. Mnunuzi huyo atalipeleka barabarani akiamini mngurumo wake, na siku moja, katika kona kama ile ya Mombo, atahitaji mabati yaliyo chini ya miguu yake, nayo hayatakuwapo. Anayeziba mhimili ulioliwa na kutu kwa puti na kupaka rangi nyekundu juu yake hajafanya ujanja wa biashara. Ameuza ajali ambayo bado haijapata tarehe.

Tatizo hili litazidi kukua. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imepiga marufuku uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15. Maana yake ni kwamba magari ya kale yaliyomo katika nchi zetu hayataongezeka kwa wingi. Ni hayo hayo yatakayozunguka mkono hadi mkono, kila mmoja akiongeza safu yake ya rangi. Wakati huo huo hamu inarudi. Tangu mwaka 2003 yako mashindano ya Safari ya magari ya kale, na mwaka 2021 Safari yenyewe ilirudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia. Vijana wengi zaidi watakuja na picha mikononi.

Kwa sababu hiyo tuna maneno kwa makundi matatu. Wauzaji: semeni ila za magari yenu, na bei iendane na ila hizo. Mafundi wa bodi: puti ni ya kusawazisha ngozi ya gari, wala si ya kujengea mifupa yake, fundi anayekubali kuziba mhimili uliooza kwa kuwa mwenye gari amemwamuru, naye ni mshirika. Wanunuzi: tamaa ya siku 3 isiwanyang'anye akiba ya miaka 7. Hakuna gari la mwisho duniani. Na ikiwa ndilo la mwisho, basi lina sababu kubwa zaidi ya kukaguliwa.

Kumbukeni pia kwamba gari lililotumika halina fedheha. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda mashindano ya Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumiwa na wengine. Alikuwa fundi, na alikijua alichokinunua. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya gari kuukuu na gari bovu.

Nyumba ya Muheza imeezekwa kwa nusu ya akiba ile iliyobaki. Gari la kahawia limo kibandani, mbali na upepo wa bahari, na kitako cha betri kimekwisha kukatwa na kuungwa bati jipya, kama mzee wa Arusha alivyoagiza. Kiti bado kimechanika. Rangi, anasema mwenyewe, itakuja mwisho.